Buti la Kupandia Farasi Hukaguliwa Kuanzia Chini

Anayetafuta buti la kupandia farasi mjini Nakuru huelekezwa kwanza kwenye maduka ya pembejeo, na huko huuziwa gambuti. Muuzaji hana nia mbaya. Katika mashamba ya Njoro, Rongai na Molo, gambuti ndizo viatu vya kazi ya mifugo, na kwa mtu asiyepanda farasi, farasi ni mfugo kama ng'ombe. Hata hivyo, kumhudumia mnyama ukiwa umesimama ardhini na kumpanda ni mambo mawili yanayoutaka mguu kwa namna tofauti kabisa. Mpandaji huweka uzito wake juu ya rikabu, kipande cha chuma chembamba kinachoning'inia kwenye ukanda ubavuni mwa farasi, na kiatu ndicho kinachoamua kama mguu utatulia pale, utateleza, au utanasa.

Mimi hupanda farasi mwishoni mwa juma katika shamba moja upande wa Njoro, na kwa kuwa wenzangu wanaoanza huniuliza habari za viatu kuliko wanavyouliza habari za farasi wenyewe, nimeona heri niandike kwa urefu yale ninayowajibu kwa vipande. Msimamo wangu ni kwamba buti la kupandia likaguliwe kuanzia soli kwenda juu, kinyume na tunavyonunua viatu vingine, na kwamba lile ambalo fundi wa viatu wa hapa mjini hawezi kulifungua na kulifunga tena lisinunuliwe, hata likimeremeta namna gani.

Kisigino ndicho cha kutazamwa kwanza. Kimo chake kinachofaa ni takriban sentimita 2.5, na upande wake wa mbele unapaswa kuwa umekatwa wima ili uwe kizuizi halisi. Farasi akijikwaa, au akiruka kando kwa kushtushwa na mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, mguu wa mpandaji husukumwa mbele. Kisigino hugonga rikabu na kuuzuia mguu mzima usipenye. Mguu ukishapenya hadi kifundoni na mwenye mguu akaanguka, farasi mwenye hofu hukimbia akimburuta, na hakuna ajali ya farasini ninayoihofia kuliko hiyo. Ndiyo maana raba za mazoezi, ambazo soli yake ni bapa kutoka mbele hadi nyuma, hazifai hata kwa dakika chache za kumzungusha farasi mtulivu uwanjani.

Wanaotetea gambuti husema kwamba zina kisigino, na ni kweli. Kasoro zake ni nyingine. Meno ya soli yake ni marefu kwa sababu yalikusudiwa kung'ang'ania tope, na meno hayohayo hung'ang'ania rikabu pale ambapo mguu unahitaji kuchomoka upesi. Shingo yake ni pana, kwa hiyo mguu huelea ndani na mpandaji hawezi kuwasiliana na ubavu wa farasi kwa utulivu. Chini ya upinde wa wayo hamna kitu chochote isipokuwa raba laini inayopinda popote inapobanwa. Kasoro ya meno marefu iko pia kwenye mabuti ya kupandia milima na mengi ya mabuti ya kijeshi yanayouzwa sokoni, na yale yenye vikulabu vya chuma vya kufungia kamba yana hatari ya ziada, kwa kuwa vikulabu huweza kunasa kwenye rikabu. Soli ya kupandia iwe kipande kimoja chenye michoro mifupi, inayotosha kukuzuia usiteleze unapotembea kwenye sakafu ya zizi, basi.

Upana wa buti, kwa upande wake, hauwezi kuhukumiwa bila kuitazama rikabu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba rikabu iwe pana kuliko sehemu pana zaidi ya buti kwa takriban sentimita 2.5. Saisi, yaani mtunza farasi, wa shamba ninalopandia, mzee aliyekulia kazi hiyo, hatumii rula. Huinama, huingiza kidole chake cha shahada kati ya chuma na buti upande wa ndani, kisha upande wa nje, na kidole kisipopita huondoka bila neno kwenda kuleta rikabu nyingine. Kidole kikipita kwa ulegevu mno pia huenda kuleta nyingine, kwa sababu rikabu pana kupita kiasi huuacha mguu upenye. Kuna mama mmoja aliyefika kujifunza akiwa na buti la kazi lenye kofia ya chuma puani, buti la gharama ambalo yeye aliliona kuwa salama kuliko yote yaliyokuwapo pale. Mzee alililinganisha na rikabu mbili, akasimama na kujifuta mikono.

"Mama, hili kuingia litaingia," alisema. "Kutoka ndiko sikuahidi."

Wapandaji wenyewe hawakubaliani kuhusu kofia ya chuma. Farasi mzima mara nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo 400 na 600, na mwenye kukanyagwa vidole na kwato la mnyama huyo hatahitaji kushawishiwa kwamba kinga ni muhimu. Zipo kampuni zinazotengeneza mabuti ya kupandia yenye kofia hiyo, na kwa mtu anayeshinda zizini akisafisha na kubeba marobota ya nyasi nayaona yana maana. Kwa kukaa juu ya tandiko napendelea ngozi nene, iliyotiwa kigumu puani, kwa sababu kofia ya chuma huongeza uzito na unene mahali ambapo mpandaji anahitaji wepesi.

Nikija kwenye suala la buti kuutegemeza mguu, hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa wanunuzi hubonyeza shingo ya buti, wakaiona ngumu, wakaridhika. Shingo ngumu haitegemezi kitu. Kinachoutegemeza mguu kimefichwa ndani ya soli. Mpandaji anaposimama juu ya rikabu, uzito wa mwili wake wote huangukia mstari mwembamba chini ya sehemu pana ya wayo, nyuma kidogo tu ya vidole, na kila hatua ya farasi akienda mwendo wa matiti, yaani wa kukimbia polepole, huurudisha uzito huo palepale. Ili wayo usichoke wala kupinda, buti zuri huwekewa kibati chembamba cha chuma kati ya soli ya ndani na ya nje, kuanzia kisiginoni hadi kukaribia vidole. Katika mabuti mepesi kibati hicho huwa cha plastiki ngumu. Katika mabuti ya bei ya chini huwa hakipo kabisa, na hapo mpandaji hushuka baada ya saa moja akiwa na maumivu ya upinde wa wayo ambayo huwa anayalaumu kwa farasi.

Namna ya kukigundua ni rahisi na haihitaji ruhusa ya muuzaji. Shika kisigino kwa mkono mmoja na pua kwa mkono mwingine, kisha lipinde buti. Linapaswa kupindia pale vidole vinapoanzia, pale ambapo mguu wako wewe hupindia unapotembea. Likipindia katikati, chini ya upinde wa wayo, halina kitu ndani, nalo litakunjika juu ya rikabu vilevile. Halafu lisokote kama anayekamua nguo. Likisokotika kwa wepesi lirudishe. Mwisho bonyeza kwa kidole gumba sehemu inayozunguka kisigino kwa nyuma. Pale pawe pagumu, kwa sababu ndipo panapouzuia mguu usilale upande.

Kifundo cha mguu, kwa upande mwingine, hakipaswi kufungiwa. Mkao mzuri wa farasini huutaka mguu ushuke kisigino chini kidogo ya vidole, na kifundo kifanye kazi ya kupokea mishtuko. Kikizuiwa na ngozi isiyokunjika, kisigino hupanda, goti hubana tandiko, na mpandaji hurukaruka juu ya mgongo wa mnyama kwa adhabu ya wote wawili. Ninachotaka katika buti ni lipinde kwenda mbele na nyuma bila ubishi na likatae kwenda kando. Mabuti ya kufunga kwa kamba hulifanya hili vizuri kuliko mengine, kwani mvaaji hukaza anapotaka na kulegeza anapotaka, ila tu ncha za kamba zichomekwe ndani zisije zikaning'inia.

Sasa yapatikane wapi? Mabuti mapya kutoka ng'ambo hufika yakiwa yamebeba nauli na ushuru, na yakifika hayajajaribiwa mguuni. Ndiyo maana wengi wetu hugeukia mitumba, na sioni aibu kulisema hilo, kwa kuwa katika marobota ya viatu vya ngozi kutoka Ulaya hutokea mabuti ya kupandia ambayo muuzaji mwenyewe hayajui ni ya nini, na huyauza kama viatu vya mvua vya akina dada. Anayefungua macho siku robota linapofunguliwa hupata vitu vya ajabu. Hata hivyo, mitumba ina mtego mmoja unaostahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu huwanasa hasa wale wanaodhani wamebahatika.

Mtego wenyewe ni buti lisilo na mkwaruzo, ambalo soli yake haijaonja ardhi. Mnunuzi hufurahi. Soli nyingi nyepesi na laini za kisasa hutengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki, na poliurethani nyingi zina adui wa kimya, nao ni unyevu ulio hewani, unaovunja taratibu minyororo ya kemikali inayoishikilia. Uharibifu huo huendelea hata kiatu kikiwa kimewekwa kabatini kwa miaka; wataalamu wa viatu huona soli za kiatu kilichofichwa zikivunjika kabla ya zile za kiatu kinachovaliwa. Kwa hiyo buti lililokaa ghalani huko lilikotoka, likasafiri ndani ya kontena lenye joto, huweza kufika Nakuru likiwa jipya kwa sura na limekufa kwa ndani.

Nilishuhudia hilo kwa fundi ninayempelekea viatu vyangu, ambaye hufanyia kazi kwenye ubaraza karibu na Barabara ya Mburu Gichua. Kijana mmoja alimletea buti refu jeusi, ngozi laini, zipu nzima, akitaka abadilishiwe kidani cha zipu tu. Fundi hakuigusa zipu. Aliligeuza buti, akaweka kucha ya kidole gumba mahali soli inapokutana na kisigino, akakandamiza. Kipande kilimeguka kama mandazi ya juzi, na unga mweusi ukamwagikia aproni yake. Akakandamiza upande wa pili, ikawa vilevile.

"Kijana wangu," akasema, "zipu naweza kukuwekea. Lakini utatembea mpaka stejini tu."

Jambo lililonivutia ni yaliyofuata. Fundi aliitoa soli yote iliyooza, akaniita nitazame, na chini yake ngozi ya juu ilikuwa imebandikwa kwa gundi tu, bila hata tundu moja la sindano, wala pambizo ya ngozi ambayo ingeweza kupokea uzi. Ngozi ilikuwa bado nzuri, na hakukuwa na mahali pa kuishonea soli mpya. Alimwambia kijana kwamba angeweza kubandika soli ya raba kwa gundi, ila hakuitaka lawama ikibanduka. Kuanzia hapo nimekuwa nikimshauri kila mtu atafute mshono unaoonekana kuzunguka buti, pale soli inapokutana na ngozi ya juu. Mabuti bora huwa na ukanda mwembamba wa ngozi unaoshonwa kwanza kwenye sehemu ya juu, kisha soli ya nje hushonwa kwenye ukanda huo, utaratibu ambao mashine zake ziliendelezwa katika karne ya 19 na kuitwa kwa jina la Goodyear. Faida yake kwa mtu wa Nakuru ni kwamba soli ikiisha, fundi hukata uzi wa nje, huitoa, hushona nyingine, na sehemu ya juu hata haijui kilichotokea. Buti la namna hiyo laweza kubadilishiwa soli mara kadhaa. Tahadhari ni kwamba kuna viwanda vinavyochora mshono wa bandia kwenye raba. Ingiza ncha ya ukucha kwenye uzi, na usipouhisi uzi, hakuna uzi.

Kuhusu ngozi, sehemu hii ya nchi ina historia yake. Nyanda za Uasin Gishu zilipandwa miti ya miwati iliyotoka Australia, na Eldoret ilikuwa na kiwanda kikubwa cha kukamua tanini kutoka kwenye magome yake, tanini iliyopelekwa kusindika ngozi katika nchi nyingi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome huwa imara, nzito, na hushika umbo la mguu kadiri inavyovaliwa. Ndiyo ninayoipenda kwa soli ya ndani na kwa chapsi, yale mavazi ya ngozi yanayofungwa juu ya muundi. Ngozi nyingi za viatu siku hizi husindikwa kwa chumvi za kromu, ambazo huifanya iwe laini na ivumilie maji zaidi, kwa hiyo inafaa kwa sehemu ya juu ya buti. Mtu akitaka kujua anashika nini, atazame ukingo uliokatwa na usiopakwa rangi, kwa mfano ndani ya kitanzi cha kuvutia buti: kahawia kote ni dalili ya magome, na rangi ya kijivu au samawati katikati ni dalili ya kromu. Zote mbili zinakubalika. Nisichokubali ni ngozi ya tabaka la chini iliyofunikwa plastiki ikachapwa vinyweleo vya uongo. Ikunje kwa vidole viwili: ngozi halisi ya tabaka la juu hufanya mikunjo mingi myembamba isiyolingana, na ile ya plastiki hufanya mkunjo mmoja mpana, na mkunjo huo ndio utakaopasuka kwanza mbele ya kifundo.

Kufikia hapa msomaji atauliza mbona sijasifu mabuti marefu, yale yanayofika gotini, ambayo ndiyo picha ya mpanda farasi katika mawazo ya wengi. Tumeyaona miguuni mwa wanaoshindana Ngong na wanaocheza polo Gilgil, tukadhani ndiyo sare. Viatu vya mashindano ya mbio, kwanza, si mfano wa kuigwa na mtu wa kawaida, maana joki hupimwa uzito pamoja na vifaa vyake na buti lake hutengenezwa jembamba kadiri inavyowezekana. Uimara si kipaumbele chake. Buti la polo liko upande wa pili kabisa, nene na zito, kwa ajili ya mchezo ambamo mipira na fimbo hupita kwa kasi karibu na miguu. Kati ya hao wawili hakuna anayefanana na mwalimu wa shule anayepanda Jumamosi asubuhi.

Buti refu zuri ni kitu cha kupendeza, sikatai, na humlinda mtu dhidi ya ukanda wa rikabu unaosugua na kufinya nyama ya muundi. Tatizo ni vipimo. Linahitaji kutoshea wayo, shavu la mguu na urefu wa muundi kwa wakati mmoja, na miguu yetu haikuumbwa kwa jedwali la kiwanda. Shavu la mguu hupimwa mahali palipo pana zaidi, na kimo hupimwa kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, mtu akiwa ameketi, goti limekunjwa kwa pembe ya mraba, amevaa suruali na soksi za kupandia. Na miguu yote miwili ipimwe, jioni, ikiwa imevimba kiasi chake cha kawaida. Juu ya hayo, buti jipya la ngozi hushuka kwa sentimita mbili hadi tano hivi linapokunjika kwenye kifundo, kwa hiyo linalofika gotini sawasawa dukani litakuwa fupi baada ya miezi michache, na lile litakalokaa vizuri baadaye hukwaruza nyuma ya goti mwanzoni.

Kwa sababu hiyo, ninachopendekeza kwa wote isipokuwa wanaoshindana ni buti fupi la kifundoni pamoja na chapsi fupi, yaani mikono ya ngozi inayofungwa juu ya muundi kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Buti fupi huitwa kwa jina la mji wa Jodhpur nchini India, na lile la mpira ubavuni linatokana na ubunifu wa Joseph Sparkes Hall, fundi wa viatu wa Malkia Victoria wa Uingereza, katikati ya karne ya 19. Ukiweka vitu hivi viwili pamoja, una ulinzi uleule wa buti refu, lakini kila kimoja huharibika kwa wakati wake na kutengenezwa peke yake. Chapsi ikichakaa upande wa ndani, unaosuguliwa na ukanda wa rikabu, hutupi buti. Nazo chapsi fundi yeyote anayeshona mikoba ya ngozi anaweza kukutengenezea akipewa sampuli.

Vumbi la Bonde la Ufa linastahili aya yake. Anayepanda karibu na Gilgil na Elmenteita hupita juu ya ardhi ya majivu ya volkeno, na pale Kariandusi huchimbwa daiatomaiti, udongo mweupe uliotokana na magamba ya mwani wa kale, ambao ni silika na hutumika, pamoja na mambo mengine, kung'arishia vyuma. Vumbi la namna hiyo huingia kwenye meno ya zipu na kuyasaga kila buti linapofungwa. Zipu ya nyuma, inayopita kwenye kifundo kinachokunjwa maelfu ya mara, hufa mapema kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo ninapolazimika kuchagua buti lenye zipu huhakikisha imeshonwa kwa kuachiwa pambizo ya ngozi, ili fundi aweze kuifumua na kuweka nyingine. Mswaki mkuukuu wa kupigia meno ya zipu na kipande cha mshumaa wa kuyapaka huongeza umri wake sana. Mpira wa ubavuni nao hulegea baada ya muda, ila kuubadilisha ni kazi ndogo.

Fundi wa hapa anaweza pia kutengeneza buti zima, na naona njia hii inadharauliwa bila sababu. Wanaoshona viatu vya shule vya ngozi nyeusi wana kalibu, sindano na mikono ya kutosha. Wanachokosa ni maelezo. Usimwambie fundi akutengenezee buti la farasi, kwa maana atakachokiwaza ni picha. Mpe karatasi: kisigino sentimita 2.5 na uso wake wa mbele wima. Kibati cha chuma ndani ya soli. Soli ya raba isiyo na meno marefu, iliyoshonwa, si gundi peke yake. Uzi wa nailoni au poliesta, kwani uzi wa pamba huozeshwa na jasho na mkojo wa zizini. Kigumu nyuma ya kisigino. Shingo inayofika sentimita chache juu ya kifundo. Wengine watakushawishi uweke soli ya tairi, ile ya akala, kwa hoja kwamba haiishi, na ni kweli haiishi. Lakini ni nene na nzito, na mtu aliye juu ya tandiko anahitaji kuihisi rikabu chini ya wayo wake bila kuitazama. Nilikataa, fundi akanuna kidogo, tukapatana kwenye raba ya kawaida ambayo atanibadilishia itakapoisha.

Matunzo hayana mengi. Jasho la farasi lina chumvi, na pia protini iitwayo latherin, ambayo ndiyo inayolifanya litoe povu, kwa hiyo upande wa ndani wa buti upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya kupanda, kisha sabuni ya ngozi mara kwa mara na mafuta kidogo ngozi inapokauka. Buti lililolowa kwenye mvua za Aprili lijazwe magazeti na kuachwa kivulini. Likiwekwa kando ya jiko, ngozi husinyaa na kukakamaa, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Upande unaogusa tandiko usipakwe rangi ya kung'arisha, kwa sababu huteleza na huchafua tandiko la watu.

Kwa watoto mambo hubadilika kidogo. Wazazi hupenda kununua kiatu kikubwa ili mtoto akikulie, na katika viatu vya shule desturi hiyo haina madhara makubwa, lakini mguu mdogo ndani ya buti kubwa huteleza mbele na kuacha kisigino kitupu, na buti hilo kubwa hudai rikabu pana ambayo wayo wenyewe wa mtoto unaweza kupenya ndani yake buti likimchomoka. Mtoe mtoto soksi, toa soli ya ndani ya buti kama inatoka, msimamishe juu yake: nafasi ya sentimita moja mbele ya kidole kirefu inatosha. Buti fupi la mpira ubavuni ndilo linalomfaa, kwa kuwa analivaa na kulivua mwenyewe, na likimbana kabla halijachakaa hurithiwa na anayemfuata. Katika shamba letu kuna sanduku la mabuti ya namna hiyo karibu na mlango wa zizi, na mzazi anayefika na mtoto kwa mara ya kwanza huelekezwa hapo kabla hajaenda kununua chochote.